Shangazi, nikitetemeka sokoni wanasema mapepo, hospitali wanasema sukari imeshuka, sasa nile sukari au niache?

Mwangaluka Shangazi, pole na majukumu. Mi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mzigo napokea kwenye boti za visiwani alafu nauza kwa sado na kwa gunia, wateja wangu wa Kahama, Shinyanga na wale wa Kongo. Sa hivi ni usiku watoto wamelala ndo nimepata nafasi ya kuandika, samahani ikiwa ndefu.

Hii shida ilianza kama mwaka na nusu uliopita nilipomwachisha ziwa huyu wa mwisho. Siku za giza, mwezi ukiwa haupo na dagaa wanavuliwa kwa wingi, nakuwa sokoni toka saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu anapita mama chai, nakunywa chai ya rangi sukari vijiko vinne maana chai bila sukari mi naona kama maji ya kuoshea vyombo, na chapati mbili, nashiba kabisa naendelea na kazi. Ikifika saa nne, saa nne na nusu hivi, mikono inaanza kutetemeka mpaka fundo la gunia siwezi kufunga, jasho la baridi, moyo unadunda kama nimekimbizwa, midomo inakufa ganzi alafu napandwa na hasira za ajabu. Kuna siku nilimtukana mteja wangu wa miaka mingi, mzee wa watu wa Kahama, eti kwa nini anapekuapekua dagaa, wakati kupekua ndo kazi ya mteja. Nikinywa soda, dakika kumi nyingi niko sawa, naanza kuomba msamaha. Alafu saa saba yale yale.

Sokoni kila mtu ana lake. Kuna wa presha ya kushuka, kuna wa mapepo ya ziwani, jirani yangu wa meza yeye anasema nimetupiwa kitu kwa ajili ya biashara. Nikaenda famasi kupima sukari, ila nilienda muda mfupi tu baada ya soda, ikaja 8.4, yule dada akaniambia mama hizo ni dalili za kisukari.

Hapo ndo nilipoharibu Shangazi. Tunakaa na mama mkwe hapa Kitangiri, ana kisukari miaka mingi, anameza glibenklamaidi. Nilipomwambia, akanipa vidonge vyake vitatu, kwa upendo tu, akasema ukate, nusu asubuhi nusu jioni, ugonjwa wetu mmoja. Nikameza siku mbili. Siku ya tatu nikameza na chai nikaenda zangu kazini, saa nne nilidondoka palepale kwenye mzani, hata sikumbuki, nimezinduka niko hospitali nina dripu mkononi naambiwa sukari ilikuwa 1.9. Wakawa wanaipandisha, inashuka tena, wakanilaza mpaka kesho yake. Wakaniuliza kuna dawa yoyote unatumia? Nikasema hamna. Mume wangu kasimama upande huu, mama yake upande ule, ningesemaje?

Dokta kasema kisukari sina, ila kushuka hivyo sio kawaida, akanipa tarehe ya kurudi wiki tatu mbele kwa vipimo vikubwa, kasema huenda kuna kauvimbe kwenye kongosho. Toka siku hiyo silali. Vidonge sijagusa tena. Kudondoka hakujarudi, ila kutetemeka kwa saa nne kupo vilevile. Juzi mume wa rafiki yangu alinipima na kimashine chake wakati natetemeka, ikasoma 3.2.

Sasa mume wangu kaninunulia kopo la glukosi, anataka nilambe kila saa na chai niongeze sukari. Rafiki yangu anasema sukari niiache kabisa nisiiguse. Na nikila mara kwa mara mama mkwe anawaambia majirani mkamwana anakula kama ana minyoo, juzi kanikuta jikoni saa tano usiku na kiporo cha ugali, nilitamani ardhi ipasuke. Nifanye nini?

Mama wa Dagaa, Kirumba

SHANGAZI ANAJIBU

Mwangaluka mwanangu. Chai na chapati tutafika, tuanze na kidonge, maana hicho ndo kingetufanya tuje kula wali kwako bila wewe kuwepo.

Mi kabla ya kushika hii safu nilikuwa nesi, wodini nimekaa miaka, na watu waliomezeshwa dawa za mwenzao kwa upendo nimewapokea wengi. Glibenklamaidi kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini (ile inayosomba sukari kwenye damu), umekula hujala haijali, na ikishamezwa inaweza kukaa inafanya kazi hata siku nzima. Mama mkwe wako inamfaa kwa sababu sukari yake iko juu. Wewe yako ilikuwa inashuka yenyewe ukaiwekea na kidonge cha kuishusha. Ndo maana walikuwa wanakupandisha inashuka tena, dripu inaweka na dawa inatoa.

Sasa jiweke nafasi ya yule dokta. Analetewa mama wa miaka 34, hana kisukari, hana dawa anayotumia (kwa maneno yake mwenyewe), sukari 1.9. Lazima awaze kongosho, awaze ule uvimbe unaoitwa insulinoma unaotoa insulini bila mpangilio. Amefanya kazi yake vizuri kabisa, tatizo ni kwamba anamtafuta mwizi kwenye kongosho lako wakati mwizi alikuwa kwenye pochi ya mama mkwe. Huo uvimbe upo, ila ni wa nadra sana, na kawaida yake unashusha sukari mtu akiwa na njaa ndefu, usiku au alfajiri kabla hajala kitu, sio masaa matatu manne baada ya chapati. Siwezi kukuambia huna, mi sijakupima. Nachokuambia ni kwamba usingoje wiki tatu. Rudi kesho au keshokutwa, nenda peke yako, mwambie nesi naomba kuongea na dokta sisi wawili tu, alafu sema hivi hivi: zile siku tatu kabla sijaanguka nilikuwa nameza glibenklamaidi nusu asubuhi na nusu jioni, sio yangu. Basi. Hatakupigia kelele, na akipiga kelele ni dakika mbili zitaisha. Vipimo akisema viendelee, viendelee.

Kutetemeka kwa saa nne ni jambo lingine, maana kulikuwepo kabla ya kidonge na kupo baada yake.

Angalia unachokula saa kumi na mbili na nusu. Chapati mbili za ngano nyeupe na vijiko vinne vya sukari, tumbo likiwa tupu toka jana jioni. Vyote hivyo vinaingia kwenye damu haraka, kwa mkupuo. Kongosho likiona ule mkupuo linashtuka, linapima insulini ya gunia wakati kilichoingia ni sado. Sukari inasombwa inaisha, insulini bado ipo inazunguka inatafuta cha kusomba, sukari inashuka chini ya ilipotakiwa kukaa. Mwili ukiona hivyo unamwaga adrenalini, na hiyo adrenalini ndo mapepo yako ya ziwani: mikono, jasho, moyo, na yule mzee wa Kahama kutukanwa. Unakunywa soda. Soda ya chupa ya kawaida ile ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai, kwa hiyo umepona kwa dakika kumi na hapohapo umeleta mkupuo mwingine, kongosho linashtuka tena, saa saba tunarudi palepale. Kwa watu wengi hali hii inatokea kati ya masaa mawili na matano baada ya kula, na wewe umeniandikia saa zako vizuri mpaka nimefurahi, wengi huniandikia "huwa natetemeka" basi.

Kwa hiyo mumeo na rafiki yako wote wamepatia kidogo. Mumeo kapatia zile dakika kumi na tano za kutetemeka, hapo sukari ndo dawa na hamna nyingine. Rafiki yako kapatia masaa mengine yote. Kulamba glukosi kila saa mtu akiwa mzima ni kulichokoza kongosho kutwa nzima.

Kuhusu namba. 8.4 muda mfupi baada ya soda haimpi mtu kisukari, kisukari kinatafutwa hujala kitu toka usiku, na hapo ni 7.0 kwenda juu, au muda wowote ukiwa na dalili ikafika 11.1. Na 3.2 wakati unatetemeka, ni ya chini ndiyo, chini ya 3.9 tunaanza kuangalia, ila kwa mtu asiye na kisukari madaktari wanasimama kwenye 3.0 ndo wanasema hapa kuna kitu. Na hivi vimashine vya kidole kule chini vinakosea, sio vibaya ila vinakosea, ndo maana atahitaji damu ya maabara iliyotolewa wakati dalili zipo. Mambo matatu yakutane: dalili zipo, damu inaonyesha iko chini kwa wakati uleule, na ukila dalili zinaondoka. Tafuta daftari la shule la mtoto lililobaki kurasa, andika wiki mbili, nimekula nini saa ngapi, nimetetemeka saa ngapi, kipimo kama kipo. Ukimpelekea dokta hilo daftari atakupenda.

Haya, chakula. Mwanangu, umekaa juu ya magunia ya dagaa asubuhi nzima unakula chapati! Nilicheka kwa kweli. Unachotakiwa kula asubuhi ni kitu kinachoingia polepole, na cha kukipunguza mwendo ni protini, mafuta kidogo na makapi ya nafaka. Usiku kabla ya kulala chemsha viazi vitamu (vya kuchemsha, vya kuchoma sukari yake inakimbia zaidi), asubuhi beba viwili na dagaa wa kukaanga kwenye kontena au yai, au kunywa mtindi. Kama mama yako ni wa kijijini anakuletea matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa), kula na karanga, ila matano sita sio bakuli zima, yale yamekauka lakini sukari yake haijaenda popote. Uji ukitaka uwe wa dona au ulezi, mzito, na karanga za kusaga ndani. Chai kunywa, nani kasema uache, shusha kijiko kimoja kila wiki, vinne, vitatu, viwili, ulimi unazoea, mi mwenyewe nilitoka vitano. Kahawa kali punguza maana nayo inatetemesha, utashindwa kujua nani ni nani.

Saa tatu na nusu, kabla ya saa yako ya kutetemeka, kula kitu. Usisubiri mkono uanze. Wale vijana wa mayai ya kuchemsha si wanapita hapo na kachumbari? Moja linatosha, na ndizi moja. Siku nyingine karanga za kwenye karatasi. Mchana ugali uwe wa dona, kipande cha ngumi yako sio ngumi ya mumeo, na anza na samaki na mboga ndo uje kwenye ugali, mpangilio huo tu unapunguza ule mkupuo. Sato, sangara, maharage, mchicha, mlenda, vyote unavyo, hamna cha kuagiza Dar. Juisi ya miwa, soda na zile enaji za kopo achana nazo kama kinywaji. Alafu kila masaa matatu manne pitisha kitu kidogo mpaka jioni. Bia sijui kama unatumia, ila kama unatumia usinywe hujala, pombe inalizuia ini kuachia sukari na unaweza kushuka usiku umelala.

Ikikukuta unatetemeka: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari au hiyo glukosi kwenye maji, au soda nusu glasi (sio ile isiyo na sukari, hiyo haikusaidii chochote), angalia saa, dakika kumi na tano. Bado? Rudia. Ikitulia ndo unakula yai lako au kiazi, hapo ndo watu wanakosea, wanapona na soda wanaendelea kupima dagaa. Usianze na karanga wakati unatetemeka, mafuta yanachelewesha. Usipande boda, usiruke kwenye boti kupokea mzigo, kaa chini kwanza, maji ya pale gatini hayana huruma. Na mwambie yule jirani yako wa meza, huyohuyo wa uchawi, kwamba siku ukipoteza fahamu asikumiminie soda mdomoni, itaingia kwenye mapafu, akulaze ubavu na muende hospitali.

Kuna mambo yakitokea usisubiri daftari wala mimi. Ukishuka usiku au asubuhi kabla ya kula, ukipoteza fahamu tena, ukikonda au kunenepa bila sababu, nenda hospitali. Ukichelewa kuziona siku zako, pima mimba. Na homa, kwetu hapa kanda ya ziwa malaria nayo inashusha sukari, ikiwa kali zaidi, na sindano ya kwinini nayo inashusha, kwa hiyo ukiwa na homa na ukatetemeka kapime vyote viwili.

Mama mkwe sasa. Huyu mama hana ubaya na wewe, aliyekupa vidonge vyake alikuwa anapunguza vya kwake. Ila hajui, na wewe ukimjibu utaonekana huna adabu, kwa hiyo hii kazi ni ya mumeo. Amwambie mama, wakiwa wawili, kwamba dokta ndo kaagiza mke wangu ale kidogokidogo. Kidonge usikifiche kwa mumeo, mwambie usiku huu, maana bila hiyo ataendelea kuamini kongosho lako limeoza na atauza kiwanja. Alafu ukipika dona na samaki na mboga nyingi, mpakulie na yeye, chakula chako kipya ndo chakula anachotakiwa kula mtu wa kisukari, mtakula chungu kimoja. Mkumbushe na yeye kwa heshima, mama umeshameza dawa, usikae bila kula, maana kilichokudondosha wewe kwenye mzani kinaweza kumdondosha yeye akiwa peke yake nyumbani mchana. Ukishakuwa unamuulizia sahani yake, hiyo habari ya minyoo majirani hawataisikia tena, na hata wakiisikia we umeshashiba.

Kiporo cha saa tano usiku kula mwanangu, ila weka na dagaa, ugali mtupu usiku ndo chapati ileile.

Nikishuka Mwaloni giza lijalo nitachukua sado mbili, na ntauliza yai la saa tatu na nusu liko wapi.

Shangazi